Sauti ya Mzee wa Ng'ombe Mmoja

Vijana wangu wa kikundi, mmenifuata nyumbani mara tatu sasa, mkitaka niwafundishe sauti ya Mzee wa Ng'ombe Mmoja. Mara ya kwanza niliwaambia nina mafua. Mara ya pili nikasema nimeisahau. Mara ya tatu mlinikuta nafua nguo, nikawaambia subirini nianike, kisha nikaingia ndani na sikutoka tena. Najua mliondoka mmenuna. Sasa nimekaa niandike, maana kwenye karatasi siwezi kuwakimbia.

Kwa asiyenijua: naitwa Mbuke, mwanamke, bibi wa wajukuu sita, mkazi wa Bariadi. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuimba wazee wa kiume wanaochekesha. Nilizaliwa na sauti nzito. Kwenye kwaya ya parokia walinisimamisha na wasichana, nikawafunika. Wakanihamishia kwa wavulana, nikawafunika na wao. Mwalimu Tungu, aliyefundisha kwaya ile na ambaye baadaye alianzisha kikundi chetu, alinisikiliza siku moja nikiwa peke yangu, akakuna kichwa, akasema, "Binti, ndani yako kuna mzee." Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Mama yangu alisema nimetukanwa.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Alipokuwa shule alisikia kwenye santuri za mapadre michezo inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, bila neno hata moja la kusemwa. Wenyewe wanaiita opera. Sisi tuliita mchezo wa kuimba, na sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kuongea. Ukitaka maji, imba. Ukimfukuza mbwa, imba. Siku moja mazoezini mwenzetu aling'atwa na siafu akapiga kelele, "Mama wee!" Mwalimu akamwambia, "Rudia, ila kwa wimbo." Akarudia huku anaruka. Tuliiingiza kwenye mchezo ikakaa humo miaka.

Ninyi mmekulia kwenye maikrofoni na spika, kwa hiyo lazima niwakumbushe tulivyoshindana. Baada ya pamba kuvunwa na watu kupata nafasi, vikundi viwili vinakutana uwanja mmoja, saa ile ile, kimoja upande huu na kingine upande ule. Hakuna jaji mwenye meza. Watazamaji wako katikati, wana miguu yao. Ukiwachosha wanavuka kwenda kwa mwenzako, na jioni aliyebaki na watu wengi ndiye mshindi. Unaimba huku unaona migongo ya watu inaondoka. Siku hizi watu wanakuhama kwa kidole, wamelala kitandani, na wewe huwaoni. Sijui kipi ni kibaya zaidi, ila ule mgongo ulinifundisha haraka.

Kikundi pinzani kilikuwa na dawa zake za kuvuta watu, na mtu maalumu wa kuzichoma. Sisi, kwa kuwa Mwalimu Tungu alikuwa mtu wa kanisa, tulikuja na ng'ombe.

Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa kiini cha mchezo. Mzee mmoja anataka kumwozesha kijana wake. Ana ng'ombe mmoja tu, lakini ameshajisifu kwa wakwe kwamba ana zizi limejaa. Basi siku ya kuhesabu mahari anampitisha ng'ombe yule yule mbele ya wakwe, anamzungusha nyuma ya nyumba, anampaka majivu, anampitisha tena. Anampaka tope, anampitisha tena. Kila mara anamwimbia sifa mpya: huyu ni wa maziwa, huyu ni wa jembe, huyu alitoka kwa mjomba. Yule mzee ndiye mimi.

Ndevu zangu za kwanza zilikuwa manyoya ya mbuzi, na nilizibandika kwa ulimbo, ule wa kunasia ndege. Zilishika vizuri sana. Wakati wa kuzibandua nilibandua na kidevu. Kuanzia hapo nilizifunga kwa uzi masikioni, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. Kitambi nilikijaza pamba mbegu, yaani pamba kabla haijachambuliwa, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa nayo nyumbani. Mtoto wa mkulima wa pamba alipaswa kujua ng'ombe anavyopenda zile mbegu. Nilikuwa katikati ya wimbo wa sifa, pale Malampaka, ng'ombe akasogea, akanusa, akatia mdomo ndani ya shati langu akaanza kula kitambi. Nilikonda mbele ya watu. Niliendelea kuimba kwa sababu sikujua la kufanya, na upande wa pili wa uwanja ukahamia kwetu wote, wazee kwa watoto.

Siku ile treni nusura itunyang'anye ushindi. Uwanja ulikuwa karibu na stesheni. Iliposimama, watazamaji wa pande zote mbili walikwenda kuiangalia, na vikundi viwili vikabaki vinaimbiana. Mwalimu Tungu alitutuliza akasema, "Nyamazeni. Ikiondoka, anza pale pale ulipokatia, kwa sauti ya chini." Tulifanya hivyo, watu wakarudi taratibu wakitega sikio. Mtu akiwa na kelele mbele yako usishindane naye, msubiri apite. Hilo limenisaidia hata kwenye ndoa.

Lakini nimerukia mbele. Mwanzoni mzee wangu hakumchekesha mtu. Nilikuwa naimba uzee wa kubuni: mgongo umepinda, sauti inatetemeka, mkono kiunoni. Watu walitazama kidogo, kisha migongo. Baada ya kushindwa mara ya tatu Mwalimu aliniita pembeni.

"Huyu mzee wako anatoka wapi?"

"Hatoki popote, Mwalimu. Ni mzee tu."

"Ndiyo maana. Hana kwao. Nenda kamtafute mwenye kwao."

Sikuwa na haja ya kwenda mbali. Nilikuwa naye sikioni.

Nilipoolewa na Shija tulikaa mwaka mzima kwao Mwamanyili kabla hajapata kazi ya ufundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi. Baba yake alikuwa mfugaji, mtu wa heshima, na mimi nilikuwa mkamwana mpya. Mnajua mila zetu, au mlikuwa mnazijua. Mkamwana hakai alipo baba mkwe, hali naye, hamtaji jina, hakutani naye njiani. Ukimwona anakuja unaacha njia, unampa mgongo, unapiga magoti mpaka apite. Akitaka kukuambia jambo analipitisha kwa mama mkwe. Mwaka mzima nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, yeye akiwa upande wa pili kwenye kigoda chake. Sura yake sikuijua vizuri. Sauti yake niliijua kuliko sauti ya baba yangu mzazi.

Jioni aliita ng'ombe. Kwanza kikohozi kimoja kikavu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu jina la ng'ombe wa mbele, Bahati, analianza chini kabisa tumboni, analipandisha polepole, analiacha juu linaning'inia. Halafu ananyamaza. Wale ng'ombe walikuja bila kuchapwa. Kwenye mazungumzo alikuwa vile vile: kikohozi, neno, kimya, na mtu wa pili anajikuta amekubali kabla hajaulizwa.

Nilimpa Mzee wa Ng'ombe Mmoja sauti hiyo. Sikumwomba mtu ruhusa. Mara ya kwanza tu nilipokohoa kikohozi kile na kumwita ng'ombe wetu aliyekonda, watu wa upande wa pili waligeuza shingo. Sikuinama, sikutetemeka. Niliimba kwa uzito wote wa mtu mwenye zizi limejaa, huku nimeshika kamba ya ng'ombe mmoja mwenye majivu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mzee wa kuchekesha hatakiwi kujua kwamba anachekesha. Na noti zako ziwe sawa, kwa sababu ukikosea noti watakucheka wewe, mzee hatachekwa.

Shija aliisikia sauti ile jioni moja mazoezini, alipokuja kunichukua. Tulipofika nyumbani akaweka baiskeli ukutani.

"Mbuke, yule ni baba."

"Yule ni mzee wa kwenye mchezo."

"Mimi nimelelewa na kile kikohozi. Unampeleka baba uwanjani watu wamcheke? Akijua, uimbaji wako umekwisha. Na kama akisema urudi kwenu, mimi sitakuwa na neno la kukutetea."

Nilimwahidi nitaibadilisha. Sikuibadilisha. Kosa lenyewe ndilo hilo, na nalisema bila kulipamba: tulikuwa tunashinda, nilipenda kushinda, na Mwamanyili ilikuwa mbali na viwanja vyetu. Baba mkwe alikuwa mtu wa minada ya ng'ombe, ngomani haendi. Nilikuwa na watoto wawili na mume mpole, na wote hao niliwaweka rehani kwa bahati.

Msimu uliofuata tukaalikwa Mwamanyili.

Nilimwambia Mwalimu naumwa. Akaniuliza naumwa wapi, nikachelewa kujibu. Tukaenda. Njia nzima nilikuwa najipangia sauti nyingine, ile ya zamani ya kutetemeka, na nilianza nayo kweli. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa wakali siku ile. Nikaona migongo, kumi, ishirini, na Mwalimu Tungu ananitazama kama mtu aliyeibiwa. Nikakohoa kile kikohozi. Bahati mbaya kilitoka vizuri sana.

Kila mtu pale alikijua. Mtu akapiga kelele, kisha uwanja mzima. Watu walikuwa wanaitana kutoka upande wa pili, "Njooni, njooni mumwone!" Waliokuwa mbele wakageuka nyuma wakicheka, wakaachia nafasi katikati, na kwenye ile nafasi alikuwa amesimama baba mkwe na fimbo yake. Alikuwa anatoka mnadani.

Nawaambia nilichofanya, na sikukipanga. Mwili ulifanya wenyewe. Nilikuwa na ndevu, kitambi, kofia, na kamba ya ng'ombe mkononi, na nilipomwona baba mkwe niliacha njia, nikampa mgongo, nikapiga magoti. Mzee mzima mwenye ndevu amepiga magoti kama bibi harusi. Wimbo haukukatika, kwa sababu Mwalimu alitufundisha usikatike hata ukianguka, kwa hiyo niliumalizia nikiwa nimeinamia vumbi. Watu walilala chini kwa kucheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Upande wa pili ulibaki na mtu wa dawa peke yake.

Nilipoinua kichwa baba mkwe hakuwepo. Tulishinda, na wenzangu walinibeba, na mimi nilikuwa nalia ndani ya zile ndevu.

Siku ya pili yake tuliitwa nyumbani kwao, Shija na mimi. Shija hakunigombeza. Alifunga begi la watoto na langu, akalibeba mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko maneno. Mama mkwe alinipokea. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akaniingiza jikoni, mahali pangu pale pale pa zamani. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kigoda kinasogezwa. Kisha kikohozi.

Aliongea kwa mama mkwe, na mama mkwe akaniletea, ingawa nilisikia kila neno.

"Anauliza, ng'wana Masanja," akasema, akiniita kwa jina la baba yangu, "wewe ndiye yule mzee?"

"Ndiyo, mayu. Nimekosa."

Mama mkwe akatoka, akarudi. "Anauliza, sauti uliichukua lini?"

"Mwaka ule niliokaa hapa."

Kimya. Nilijua kimya kile, nilikuwa nakitumia uwanjani. Nikasikia fimbo inakwaruza chini.

"Anasema, sauti ni yake, hilo halina ubishi. Anachotaka kujua ni hivi: yeye ana zizi. Wewe kwa nini umempa ng'ombe mmoja?"

Nikasikia Shija kule nje anakohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko, au kilio, sijui.

"Mchezo ndivyo ulivyo, mayu. Asipokuwa na mmoja tu hakuna mchezo."

Mama mkwe hakutoka safari hii. Baba mkwe alikuwa amesikia mwenyewe, na alimwambia kwa sauti: "Mwambie, watu wa mnadani wamenisimamisha njiani mara nne leo, wananiuliza habari za ng'ombe wangu mmoja. Nimewajibu anaendelea vizuri." Akanyamaza. "Na mwambie kikohozi chake kinachelewa. Kinagusana na jina. Mimi nakohoa, naacha, ndipo naita. Ng'ombe hawezi kuja kwa mtu anayeharakisha."

Akakohoa, akaacha, akamwita Bahati. Kule malishoni sijui kama alisikia.

"Anasema," alisema mama mkwe, ingawa alikuwa amekaa tu, anachambua mchicha, "na wewe ufanye."

Nilifanya. Fimbo ikagonga ukuta: ko! Maana yake nimekosea. Nikarudia. Ko! Tulirudia mpaka mboga ikaiva. Begi halikufunguliwa na jioni Shija alilibeba kulirudisha Bariadi, watoto na mimi nyuma yake. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipima, na nilikuwa na aibu pia, vyote pamoja.

Miaka iliyofuata kila tulipokwenda kusalimia, nilikaa jikoni, yeye kwenye kigoda, na kabla ya chakula alisema kwa mama mkwe, "Mwambie yule mzee aite." Niliita. Sikumbuki hata siku moja ambayo ukuta haukugongwa. Kikohozi kimechelewa, au pumzi imeishia kifuani, au nimeliacha jina kabla halijafika juu. Uwanjani watu walianguka kwa kucheka. Pale ukutani nilikuwa mwanafunzi asiyefaulu. Sikuwahi kumwona usoni akinifundisha. Yale ninayowaambia kuhusu kimya kabla ya neno, na kuhusu kuanzia chini ya tumbo ili koo lisichubuke, hayakutoka kwa Mwalimu Tungu. Mwalimu alikuwa ananiuliza nimejifunzia wapi.

Kisha baba mkwe akapata kiharusi. Upande mmoja ulilegea na sauti ikaenda. Nilipigiwa simu na mama mkwe, na nilidhani ni habari za hospitali. Hazikuwa hizo. "Ng'wana Masanja, ng'ombe hawaingii zizini. Wanasimama nje wanatazama mlango. Tumewachapa, tumewaita sote hapa nyumbani, hawataki. Yeye amelala ndani anasikia hayo yote na anatokwa machozi. Amemshika mkono Shija, ameonyesha ukutani kule jikoni. Tumeelewa ni wewe."

Nilifika jua likiwa bado juu kidogo. Ng'ombe walikuwa pale nje, wamejikusanya, Bahati alikuwa amezeeka na mwanawe ndiye aliyekuwa mbele, ila jina walimwachia la mama. Baba mkwe alikuwa chumbani, kitanda kimesogezwa hadi ule ukuta wa jiko, fimbo ipo kwenye ule mkono uliobaki na nguvu. Sikuingia. Nilisimama upande wangu wa ukuta, mlangoni pa jiko, zizi likiwa mbele yangu.

Mimi nimeimba mbele ya viwanja vilivyojaa. Siku ile sikuwa na ndevu wala kitambi, na hakuna aliyetakiwa kucheka. Nikakohoa. Nikaacha. Nikaliita lile jina kutoka chini, nikalipandisha bila haraka, nikaliacha juu.

Yule wa mbele aliinua kichwa. Akapita mlango wa zizi, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Niliita kila jioni mpaka mzee alipofariki, na baada ya mazishi tulimzoesha kijana wa shemeji taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, mpaka ng'ombe wakamkubali. Mzee wa Ng'ombe Mmoja sikumwimba tena. Niliimba wazee wengine, niliowatafuta huko kwao, na wote nitawafundisha mkitaka, hata kesho. Huyu hapana. Nanyi mna wazee majumbani, kaeni karibu nao muwasikilize, na muwaombe ruhusa, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Ila mnaniuliza kila siku kama niliwahi kuipatia ile sauti sawasawa. Jioni ile ya kwanza, baada ya ng'ombe wa mwisho kuingia, nilibaki nimesimama nikisubiri ukuta ugongwe. Nilisubiri sana. Mwishowe nikamuuliza mama mkwe, aliyekuwa mlangoni pa chumba, kama mzee amelala.

"Yuko macho," akasema. "Fimbo anayo mkononi."